Tangawizi Iliyompeleka Baba Kliniki

Mama,

Nipongeze kwanza! Leo nimempiga chenga Baba, Sajini mzima, tena bila kudondosha chozi.

Nampeleka Baba kliniki ya maaskari wastaafu, Suva. Mihogo iko sufuriani. ~~Mpe mbwa chakula.~~ Mbwa keshakula, asikudanganye. Ufunguo wa stoo anao Mjomba Semi, na asiutoe mpaka Baba apate nafuu.

Ilikuwa hivi. Asubuhi Baba kasema tena kwamba nyumba hii ingepumua kama yeye asingekuwepo. Nikamwambia twende kwa daktari. "Daktari wa vichaa? Mimi niliyelinda amani Lebanoni?"

Nikaona dawa yake ni mila yetu: ombi likija na mizizi ya kava, ile ya kinywaji cha heshima, akishaipokea hawezi kukataa. Kava yenyewe hatuna. Nikafunga tangawizi yako kwenye gazeti, nikaingia kwa magoti, nikamhutubia kama msemaji wa chifu. Akapokea, akapiga makofi yale mazito ya kukubali. "Umekwisha, mzee!" nikamwambia. Sasa anavaa sare na medali zote, utadhani daktari anakuja kukagua gwaride.

Ngoja, Bibi anasoma begani kwangu. Anasema, "Mwandikie mama yako ukweli, we mwongo. Harufu ya tangawizi ilifika kabla yako. Mwanangu alijua, akapokea hivyo hivyo, maana ulikuwa unalia mpaka hotuba haisikiki."

Mwanao,
Taniela