Chaja Niliyoitangaza Kundini

Kariakoo, 4 Machi 2024

Baba mdogo Khalfani,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta wewe, Mama mdogo na ndugu yangu Mwanamkuu mkiwa wazima. Mimi huku ghorofani sijambo, ila joto halituachi.

Naandika kwa sababu tangu Ijumaa hupokei simu zangu. Kompyuta uliyoniuzia inachonyota. Ninapoichaji na kuweka kiganja juu ya bati lake, nahisi kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi; nikichomoa, wanatoweka. Nilipima kwa siku tatu kabla ya kusema lolote. Hitimisho langu, ambalo sikulifikia kwa furaha, ni kwamba chaja si halisi. Ndiyo maana niliwaandikia wapangaji wenzangu kwenye kundi letu la simu wajihadhari na fremu yako ya duka pale Gerezani. Huenda ingefaa nianze kwako, mdogo wa baba yangu na fundi wa miaka yote. Lakini nafundisha fizikia. Ningenyamaza, kisha mtoto wa mtu akaumia, ningejibu nini?

Mwanao,
Anifa


Gerezani, 9 Machi 2024

Mwanangu Anifa,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillah. Mama yako mdogo goti linamsumbua, lakini sokoni anaenda.

Tangazo lako lilinifikia kabla ya barua yako. Nilesh, jirani yangu muuza spea, alinisomea kwenye simu yake. Siku hiyohiyo wateja wanne walirudisha chaja. Vijana wa hapa wamenipa jina: "Mzee Shoti! Leo unamtekenya nani?" Jana mmoja kanunua chaja ya simu, akasema, "Mzee, nifungie na glovu kabisa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Sigombi. Nakuuliza moja tu. Waya unaochomeka ukutani ni ule mnene wa pini tatu niliokupa, au umebadilisha? Ile pini ya tatu ndiyo inayopeleka ardhini umeme mdogo unaobaki kwenye bati. Ikikosekana, umeme huo unapitia mkononi mwako, hata chaja ikiwa nzima kabisa. Ukikustua kwa nguvu, hapo ndipo pana ubovu. Ukikutekenya tu, kwanza tazama waya.

Nijibu upesi na uniambie kweli. Mwenye fremu ameniita tarehe 16. Anasema anataka mpangaji asiye na kelele. Nikiwa na maandishi yako mkononi, nitakuwa na la kusema.

Baba yako mdogo,
Khalfani


Kariakoo, 21 Aprili 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Nawaombea afya nyote, na Mama mdogo apate nafuu ya goti. Mvua imejaza maji bonde la Jangwani hadi barabara ikafungwa, lakini si mvua iliyonichelewesha kukujibu.

Barua yako niliipata tarehe 10. Jioni hiyo nilitazama waya, na haukuwa wako. Wako ulikuwa mgumu na haukufika kitandani, kwa hiyo niliuweka juu ya kabati, nikachukua wa redio wenye pini mbili. Nilikuwa nikiusukuma kwenye soketi huku nikifungua tundu la juu kwa ncha ya kalamu, kitendo ambacho ningemkataza mwanafunzi yeyote. Nilirudisha wako. Sisimizi wakakoma. Ilichukua dakika mbili.

Wiki sita zilizofuata nilijiambia kwamba bado nachunguza: pengine ni unyevu, pengine nyaya za jengo zina kasoro. Hayo hata leo sina hakika nayo. Ninalolijua ni kwamba nilikuwa nikitafuta kosa la mtu mwingine. Tarehe 16 ilipita nikiwa najua. Asubuhi ile nilikaa mezani na karatasi, nikaandika jina lako, kisha nikafikiria wanafunzi watatu wanaoishi jengo hili, na jinsi watakavyonitazama. Nikaikunja.

Jana Mwanamkuu aliniambia kwamba fremu amepewa mtu mwingine, na kwamba unafanyia kazi barazani kwa Nilesh.

Leo nimeandika kundini kwamba waya niliubadilisha mimi, na kosa ni langu. Bi Bharti wa ghorofa ya pili akajibu, "Sasa Mwalimu, tushike lipi?" Naomba nije Jumamosi, nisimame hapo barazani, nimweleze kila mteja kwa mdomo wangu.

Mwanao, mwenye haya,
Anifa


Gerezani, 25 Aprili 2024

Mwanangu Anifa,

Marahaba. Sisi wazima. Goti afadhali.

Barua yako nimeisoma, nikakasirika, nikaisoma tena.

Barazani usije. Wateja wawili wamerudi wenyewe. Ukisimama pale watauliza, "Ndiye huyu?" Nami itanibidi nikutetee, maana wewe ni damu yangu, na nguvu hiyo bado sina. Kukosea chaja si neno. Hata mimi nimewahi kumlaumu mtu kwa kitu kizima. Zile wiki sita ndizo sijui niziweke wapi.

Mtoto hafukuzwi. Jumapili mama yako mdogo anapika pilau, na amesema sahani yako ipo. Njoo ule. Mimi nitakuwa kazini mpaka jioni. Ukiwa bado upo nikirudi, utaniamkia nami nitaitikia. Kwa sasa sina zaidi ya hilo.

Baba yako mdogo,
Khalfani