Fishi Tatu za Mama

Alhamisi. Mvua imekatika saa nne, jua limetoka dhaifu, na ziwa limetulia mpaka milima ya ng'ambo, kule Burundi, inaonekana. Siku ya tatu leo hatujasikia masasi ya bunduki. Moyo wangu una furaha na una aibu. Acha niandike aibu kwanza.

Mama yangu ni mtu wa Rurambo, kule juu milimani. Uhuru ulimkuta msichana anayechunga ndama wa baba yake. Maasi yaliyofuata yakamkuta ameolewa, nyumba ikachomwa, akakimbia. Baada ya hapo aliacha kuhesabu. Alizoea kusema, "Kukimbia iko kama kulima, kila majira na yake." Mwaka huu tumekimbia tena, mimi na yeye. Yeye na fimbo, mimi na kopo la maziwa ya unga lililojaa dawa zake.

Kituo cha afya cha Rurambo kilikuwa kimempa dawa ya tansio, yaani presha ya damu, vidonge vyeupe. Tulipofika bondeni, kituo cha pili kikampima, kikampa vya tansio vya rangi ya waridi, na vingine vya usingizi, maana tangu masasi alikuwa halali. Hapa Uvira, kituo cha tatu, nikasema tu kwamba halali. Wakampa vya usingizi tena.

Kila kituo kina fishi yake, ile karatasi ngumu wanayoandika ugonjwa na dawa. Mimi nilikuwa natoa fishi ya pale tulipo, zingine ninazificha ndani ya kitenge. Niliona haya. Kwetu ukialikwa kula kwa mtu, huingii na sahani ya jirani. Nilifikiri muuguzi ataona namdharau, nimetoka kwa mwenzake ndipo nakuja kwake.

Na kuacha dawa ya daktari, hiyo sikuthubutu kabisa. Kwa hiyo vyote alikunywa. Asubuhi na jioni nilivimimina kiganjani, nikaviombea kimoja kimoja, nikampa.

Kwa mkono wangu.

Mama akaanza kusinzia mchana. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Akisimama anapepesuka, anashika ukuta. Wamama wa chumba cha maombi, wale ninaosali nao, walisema ni uzee, tukafunga siku tatu kwa ajili yake. Mimi nami nilikubali ni uzee.

Kuna jambo lingine, nalo ni gumu kuliandika. Mama yangu hakuwahi kuvumilia maombi marefu. Tangu nikiwa mtoto, baba akizidisha mezani, mama anakohoa. Sasa akawa kimya mpaka amina, kichwa chini. Nikawaambia watu, muone, mama amemkaribia Bwana. Nilimshukuru Mungu kwa ukimya ule.

Tena niseme yote: nilipenda alale. Akilala, mimi pia napumzika.

Jumatatu ya wiki iliyopita alianguka mlangoni, paji la uso likapasuka. Nikamkimbiza kituoni na jirani. Tulipokelewa na muuguzi mpya, msichana mwenye sauti ya pole. Alipomaliza kushona akauliza mama anakunywa dawa gani. Nikajibu, zile mlizompa. Na zingine? Nilikuwa natafuta uongo mdogo ambao Mungu angeusamehe.

Mama, macho amefumba, akasema, "Mupe kopo, weye."

Muuguzi alimwaga kopo juu ya meza, akapanga vidonge kama mtu anayechambua maharage. Akaomba fishi. Nikazitoa zote tatu kwenye kitenge, zimekunjamana na jasho. Alizisoma muda mrefu.

"Mama," akaniambia, "hivi vyeupe na hivi vya waridi ni dawa moja, rangi tu ndiyo iko tofauti. Anakunywa mara mbili, ndiyo sababu akisimama anaona giza. Na hivi vya usingizi, kwa mtu wa umri wake, vinamuchanganya kichwa na kumwangusha. Vilikuwa vya siku chache tu."

Nikamwuliza kama nimemuua mama yangu. Alinishika bega. Akasema hapana, na kwamba wao pia walipaswa kuuliza, kila mmoja aliandika bila kuuliza. Vya waridi akaviondoa palepale. Vya usingizi akasema tusikate ghafla: nusu kwanza, kisha turudi, apunguze tena.

Siku za kwanza mama alikuwa na hasira, usingizi ukampaa. Nilikaa naye. Jumapili alikwenda chooni bila kushika ukuta. Jana aliniuliza nani anawalisha ng'ombe wake kule juu, nikalia, maana ni kweli walibaki huko, na yeye amekumbuka.

Leo saa sita niliweka bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikafumba macho kuombea chakula. Niliombea nchi, niliombea waliobaki Rurambo, niliombea muuguzi yule, nikaanza kuwaombea viongozi.

Nikasikia kikohozi.

Nikaendelea. Kikohozi cha pili, kikali zaidi.

"Weye, Mungu iko anasikia toka asubuhi. Bugali inapoa."

Niliomba msamaha kwa Bwana nikicheka, machozi yakadondokea ndagala. Mama akaniangalia, akaniita kwa jina langu, akasema chumvi ilikuwa inatosha.

Fishi zote tatu nimezifunga pamoja kwa uzi. Jumatatu tunarudi kituoni, nitaziweka mezani kabla sijaulizwa.

Na kesho, Bwana akinisaidia, nitaomba kifupi.