Kumgeuza Esnah

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nesi Natasha amekuja kutoka Kisii mjini kuangalia kidonda ya Esnah. Kansa imeingia uti wa mgongo, miguu ya mke wangu haisikii tena. Ageuzwe kila saa mbili, anasema, la sivyo kidonda itafika mfupa. Nani anamgeuza? Mimi! Nyasani! Hapa Nyacheki hakuna aliyebeba magunia ya majani chai kunishinda. Akatoa fomu, akaniuliza na mimi: kutoka moja mpaka kumi, maisha yako iko wapi, mzee? Kumi. Esnah akasema huko kitandani — Nesi, andika mbili, huyu analala amekaa kama kuku.
Uongo. Nasinzia tu.

Jumanne, 4 Machi
Celestine, mke wa kijana wetu Haron, amesimama tena nje ya pazia. Tata, baba yangu, nishike upande mmoja? Nimekataa. Mke wa mtoto wangu haingii chumba ninacholala, haoni kitanda yangu. Hiyo ni chinsoni, heshima ya kwetu. Sikuitunga mimi! Aweke maji hapo, aende.
Haron yuko kazi ya mbali, binti zetu wameolewa mbali. Sawa. Niko.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemgeuza mara nne. Zilitakiwa ngapi? Sijui. Mgongo wangu — si kitu.
Kidonda imepanuka. Nimemwambia inapona.

Jumamosi, 8 Machi
Sabato. Sikuenda kanisa. Nilikuwa namuinua, mikono ikaisha nguvu, akaniponyoka. Kichwa ikagonga ukuta. Celestine akapiga kelele huko nje: Tata, nini imeanguka? Nikasema ndoo.
Esnah akasema, kumbe mimi ni ndoo. Akacheka, halafu akalia. Akaniambia: Nyasani, heshima yako inakula nyama yangu.
Miaka arobaini na sita na huyu mama. Hajawahi kuniambia neno kama hiyo. Chakula imenishinda.

Jumapili, 9 Machi
Saa nne asubuhi. Mkono wa kulia haupandi. Nimejaribu kumgeuza na wa kushoto peke yake — wapi! Esnah amelalia kidonda tangu alfajiri.
Celestine yuko nyuma ya pazia. Anasema amejifunga leso machoni, ameikunja mara mbili, haoni hata mwanga. Tata, niongoze tu, mengine nitapapasa. Esnah anasema huyu msichana ana akili kushinda ukoo yenu yote!
Naandika ndio nisijibu.
Leso ni leso. Lakini nimwongoze na nini? Baba mkwe hashiki mkono wa mke wa mwanawe, hata salamu. Baba yangu angekufa kwanza.
Yeye angekufa. Hapa anayekufa ni nani?
Esnah ameanza kuuma shuka. Hanitazami.
Nimepitisha ncha ya taulo chini ya pazia. Nimesema, shika hiyo. Polepole, kuna kizingiti.
Taulo imekaza upande ule. Wacha niweke kalamu, huu mkono mmoja ndio wa kuandika na ndio wa kushika taulo.