Mafuta ya Kikaango Kwenye Rejeta

Mwanangu, natoka sasa hivi, begi liko mlangoni. Gari msiliwashe, nimemwaga maji yote ya rejeta. Mumeo aisuuze kwa maji ya moto na sabuni, arudie mpaka yatoke safi, mipira isije ikaoza.

Asubuhi nilifungua kifuniko nikakuta mafuta yanaelea. Roho ikanipaa: gasketi imeungua, oili imeingia kwenye maji, safari ndiyo basi. Nikachomoa kijiti cha oili. Safi kabisa, haina weupe wa maziwa. Nikachovya kidole kwenye rejeta, nikanusa. Vitunguu. Injini haikaangi vitunguu, mama.

Ungesema tu, “Baba, usiendeshe, juzi ulizimia kwenye usukani.” Ningebisha, unanijua. Lakini ungesema. Shangazi yako anaumwa, na mimi kukaa siwezi.

~~Nitarudi Jumapili.~~ Sijui nitarudi lini.

Dawa zangu nimechukua.

Mama yako bado amelala, hajui lolote. Mumeo ameshaenda kazini. Gari liko uani, na funguo zake ni hizi hapa mezani. Mimi napanda basi.

Baba