Guyo, Ngozi Haijaisha

Guyo rafiki yangu,

Salaam aleikum. Najua ungeshtuka kunisikia nikitangulia na salaam. Miaka yote hiyo nilikuwa napita kwa kibanda chako cha viatu, pale nje ya soko la mifugo, nakuuliza habari ya asubuhi, nawe unaniambia habari yote iko kwa hili tumbo langu.

Basi tumbo lenyewe limeisha. Wallahi, kama mnavyosema nyinyi. Suruali zinanipwaya, natembea nimezishika kwa mkono kama mtu anayevuka mto.

Unaukumbuka mshipi wangu? Kila nilipoongezeka mwili uliuongezea tundu, mpaka siku ile ukaugeuza-geuza mkononi ukasema, "Dalali, ngozi imeisha. Ukinenepa tena, leta kamba." Tulicheka hadi wanunuzi wa mbuzi wakageuka kututazama. Na wewe hukuwa na la kunicheka, maana ulishahamia kikoi zamani, suruali zote zilikuwa zimekukataa.

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote. Siku ile tulipotoka hospitali pamoja, daktari ametuambia sukari yetu imepanda sisi wawili, wewe ulisema twende nyumbani tunywe uji. Mimi ndiye niliyekushika mkono nikakuingiza hotelini. Mimi ndiye niliyesema mwili haujengwi kwa matofali, nikaagiza mbavu. Ukala, ukalamba vidole, ukasema, "Tutaanza Jumatatu, inshallah."

Angalau wewe ulinunua baiskeli. Ikaegemea kibanda chako Jumatatu baada ya Jumatatu, mwishowe ukaanza kutundika viatu vya wateja kwenye usukani. Halafu kikaja kile kidonda cha mguu. Nisamehe, Guyo. Zile mbavu zimenikaa kooni mpaka leo.

Baada ya mazishi yako mkeo Halima aliniita akanipa hiyo baiskeli. Alisema akiiangalia anaona viatu tu. Siku ya kwanza nilifika kwenye daraja, nikashuka, nikaisukuma hadi nyumbani huku watu wa boda wakinipigia honi. Magoti yaliuma wiki nzima. Lakini nilirudi, na nikarudi tena. Sasa naenda barabara ya Archers kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Upepo wa huko unaujua, ukienda unakusukuma kifuani, ukigeuka unakusukuma kifuani. Sijui unatokea wapi! Mama watoto amenipunguzia mafuta kwenye chakula, na daktari aliposoma sukari yangu juzi alisoma mara mbili, hakuamini ilivyoshuka.

Ningekuambia kila kitu kimekuwa kizuri, ungejua nadanganya. Hapa kwetu mtu akikonda hapewi hongera, anapewa pole. "Umeisha! Ni nini mbaya?" Kanisani walimwombea mama watoto nguvu bila kumwambia ni za nini. Na yule mzee wa Kipsing, ambaye nimemuuzia ng'ombe tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akapeleka madume yake kwa dalali mwingine. Alisema mtu aliyeisha hivyo ana shida, na shida inaambukiza bei. Iliniuma sana. Dalali bila tumbo, nani atamwamini?

Nikashindwa. Nikaiosha baiskeli, nikamrudishia Halima. Nilimwambia watu wanasema naumwa, kazi inaniponyoka, heri nirudi kama nilivyokuwa.

Unamjua Halima, hapandishi sauti. Alikuwa anapepeta mchele na hakuacha. Alisema, "Shemeji, mume wangu alikuwa na tumbo la heshima. Soko lote lilimheshimu. Wakaja wote kumzika." Akaendelea kupepeta. Mimi nikasimama pale na baiskeli yangu, sijui niketi au niende.

Kisha akaingia ndani, akatoka na msumari wako wa kutobolea, ule wenye mpini uliouzungushia mpira. Baiskeli hakuipokea. Akaniambia, "Acha kushika suruali barabarani, ni aibu."

Nimeketi nao hapa mezani. Nimetoboa tundu la kwanza upande wa chuma cha kufungia, huko ambako wewe hukuwahi kufika. Limekaa kombo, ungelicheka na kulifanya upya. Nimelilia kidogo, tena si kidogo. Halafu nimefunga mshipi na nimeachilia mkono, suruali imekaa.

Yule mzee wa Kipsing bado hajarudi. Labda hatarudi. Nimeamua afadhali anionee huruma nikiwa hai.

Lala vizuri, rafiki yangu. Nakuahidi mambo mawili. Halima hatakosa mtu wa kumshikia mambo yake mradi miguu yangu inazunguka. Na baiskeli yako haitatundikwa kiatu tena. Leo ni Jumapili, nimeshaijaza upepo na kuiegemeza mlangoni.

Kesho ni Jumatatu, Guyo. Tunaanza.

Wako,
Dalali