Mkanda wa Mahabusu, Kilosa

Dada Rehema, shikamoo.

Huku Kilosa ni joto tu. Jana mchana niliingia banda la video. Mkanda ulihusu wenyeji weusi wa Australia wanaofia mahabusu, na mwenye banda alikuwa akitutafsiria. Polisi wa kwenye mkanda akasema marehemu mmoja aliteleza. Mama muuza karanga, tuliyekaa naye benchi moja, akasema, "Mwanangu naye waliniambia aliteleza."

Mbele yetu askari wa hapa, asiye na sare, akainuka kutoka.

"Kaa, baba. Haijaisha," mama akamwambia.

Akakaa. Video ilipoisha akamgeukia mama, akamuuliza mwanawe aliitwa nani.

"Danieli. Wewe ndiye askari wa kwanza kuniuliza."

Karanga zake nimekununulia, tamu. Wabusu wanangu.

Mdogo wako,
Zaina