Vitanda vya Nukta Tatu

6 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo. Niwie radhi, miezi sita sijakuandikia. Kila nikishika kalamu kuna mtu analia. Kama si mtoto, basi ni mimi. Sasa hatujambo. Mjukuu wako ameota meno mawili na anayajaribu kwangu. Mgongo wako vipi? Na macho? Unavaa miwani ukichomelea, au bado unafumba jicho moja?

Baba, nina neno. Wamenitia kwenye kamati ya kupokea vifaa vya kituo cha afya. Sheria inataka awemo mwanamke, na Diwani akasema, "Mleteni binti wa fundi, hana maneno." Tuko watano. Siku ya kikao nikakuta karatasi imeshajazwa: vitanda vya wazazi ishirini na vinne, vimepokelewa tangu mwaka jana, viko wodini. Wanaume wanne wameshasaini. Nikauliza, nani ameviona? Mmoja wao, mwalimu mstaafu, akakohoa.

"Mama, wodi ya wazazi si mahali pa mwanaume kuchungulia."

"Basi nitachungulia mimi."

"Weka sahihi, mama, ukamnyonyeshe mtoto," Diwani akasema. Wakacheka.

"Mtoto ameshashiba, Mheshimiwa. Na mimi nimezalia humo. Nililala mzungu wa nne na mama mwingine, miguu yake shavuni kwangu."

Kicheko kikakatika. Nikaenda. Vitanda sita. Nikainama kuangalia chini ya kimoja, nikaona zile nukta tatu za moto unazoweka kwenye kila kazi yako. Vyote sita vinazo. Ni vizuri, Baba, havilii hata mtu akijigeuza. Lakini ulitengeneza vingapi?

Sijasaini.

Mwanao,
Kitindamimba

15 Mei

Mwanangu Kitindamimba,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo unalalamika lakini hauna pa kwenda. Mke wangu mdogo nibusie. Mwambie yeye anaota meno, mumewe yanamng'oka.

Kuhusu hilo uliloniuliza: saini. Diwani amekuja hapa karakana mwenyewe. Hakukaa. Akaangalia paa, akasema banda hili liko kwenye kiwanja cha baraza, asingependa mambo yaharibike. Amenipa kazi miaka kumi na moja. Ada yako ya kidato cha nne ilitoka kwenye milango ya soko, na aliyenipa ile milango ni yeye. Mkono mtupu haulambwi, mama. Una mtoto mchanga. Siasa waachie wenye vifua.

Baba yako

22 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Kifua ninacho, tena kina maziwa.

Ada yangu najua ilitoka wapi, na nakushukuru. Ndiyo iliyonifundisha kusoma karatasi kabla ya kuisaini. Sasa wamenitoa kwenye kamati. Wakamfuata mama muuza mitumba. Akawaambia naye alijifungulia humo, sakafuni, kwa hiyo aingie kwanza ahesabu. Wakamfuata mshonaji wa karibu na shule. Naye vilevile. Diwani anauliza watu kama hapa hakuna mwanamke asiyezaa!

Sisemi wanawake ni malaika. Karatasi yenyewe iliandikwa na karani mwanamke, na hakupepesa kope. Ila ile sakafu sisi tunaijua kwa migongo yetu. Wangetuweka watatu tangu mwanzo, badala ya mmoja wa kujaza nafasi, hiyo karatasi isingefika mezani.

Baba, hujanijibu. Ulitengeneza vingapi?

Mwanao,
Kitindamimba

3 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, nimechelewa tu. Kalamu imekuwa nzito kuliko nyundo.

Nilikuja huko mwezi uliopita, sikupita kwako. Nilikwenda kituoni na spana, nikamwambia muuguzi nimekuja kukaza nati. Akatangulia kuwapigia hodi akina mama wajifunike, ndipo nikaingia. Nati zilikuwa zimekaza, nilizikaza mwenyewe. Nikaona nukta zangu. Nikaona na waliolala chini, mmoja wa rika lako, mtoto kamweka juu ya tumbo ili asipate baridi ya saruji. Akaniamkia: "Shikamoo fundi. Vingine vinakuja lini?" Nikamwambia marahaba. Nikarudi kukaza nati zilizokwisha kaza.

Idadi unaijua. Kitabu chao cha makabidhiano nilikisaini na kiliandikwa ishirini na vinne. Mimi ni mzee, mama, usiniambie niandike. Shangazi yako anakuja huko Ijumaa ya wiki ijayo. Sema unahitaji nini, nitampa.

Baba yako

8 Agosti

Kwako Baba,

Shikamoo. Yaani ulifika mpaka kituoni, mlango wangu usiubishe! Mkeo mdogo amenuna, na mimi namuunga mkono. Lakini uliingia, Baba. Wale wanne hawajaingia mpaka leo.

Wakaguzi wa hesabu za kituo wanakuja tarehe ishirini, na nimeitwa nieleze kwa nini sikusaini. Bila neno la fundi, ni maneno ya mama mwenye mtoto mgongoni mbele ya sahihi nne. Ninajua na ya kwako imo kwenye kitabu chao. Sitakuficha, wala sitakuacha. Siku ukiitwa tutakaa benchi moja, mimi na wewe na huyu mwenye meno. Wakilivunja banda, ua wangu unatosha mashine na meza. Baba mtoto ameshasogeza kuni. Anasema maji nimeyavulia nguo, niyaoge, yeye atashika taulo.

Umeuliza ninachohitaji. Mpe shangazi hivi:

Kile kiti kidogo cha chuma nilichojifunzia kukaa.

Shuka mbili kuukuu, zile laini, za kukatia nepi.

Cheti changu cha kidato cha nne, kiko chini ya godoro lako. Wameanza kusema sijui kusoma.

Na karatasi moja kwa mwandiko wako, yenye tarehe, sahihi, na idadi ya vitanda ulivyochomelea. Iandike kwa maneno, Baba, usiiandike kwa tarakimu. Tarakimu za huku zinazaa kuliko sisi.

Mwanao,
Kitindamimba